Walichobakiza Wakunga

Watoto kumi na mmoja waliokufa katika miaka minne si wengi, ukiwatazama kwenye jedwali. Jedwali la Dokta Nakiete Kiondo lilimwambia alale usingizi: watoto elfu moja na mia tisa waligeuzwa tumboni wakazaliwa salama, na mama zao wakarudi nyumbani wakipigiwa vigelegele. Kumi na mmoja hawafiki hata mmoja katika kila mia. Kuna hospitali zenye vyumba vya upasuaji na taa zisizozimika ambazo zingejivunia hesabu kama hiyo.

Lakini Nakiete hakuwa mtu wa kubembelezwa na jedwali. Kwa siku tatu alikuwa amejifungia ofisini kwake chuoni, Dodoma, akisikiliza upya sauti za wakunga wa milima ya Kwamboa. Walikuwa sitini na wanne. Aliwarekodi mwenyewe miaka kumi na miwili nyuma, alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye begi moja na viatu vilivyochoka, akipanda mlima nyumba kwa nyumba. Sasa sitini na watatu kati yao walikuwa wamezikwa, na katika sauti zao ndimo ilimozaliwa mashine yake, Shangazi.

Milimani hakuna mjamzito asiyemjua Shangazi. Mama huvaa mshipi tumboni. Mshipi unasikia mapigo ya mtoto na unajua kichwa kilipo, na Shangazi huongea naye kwa sauti iliyochanganywa kutoka kwa wale mabibi sitini na wanne, yenye kukwaruza kidogo na kicheko cha karibu. Mtoto akitanguliza matako, na mvua zikiwa zimekula barabara ya kwenda hospitali, Shangazi humwongoza nesi: mkono wa kulia hapa, wa kushoto pale, sukuma taratibu, pumzika, sukuma tena. Hospitali zilikuwa zimeusahau ufundi huo zamani. Zenyewe hupasua tu. Ulibaki kwa wakunga, na Nakiete akauchukua kwao akaipa mashine, kila mkunga akiwa ameweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Makala aliyoandika kuhusu karatasi ile inasomeshwa vyuoni mpaka leo, na wanafunzi wanaichukia.

Alikuwa ameandika na makala nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimuunguza sasa. Katika kila nyumba, mkunga alipomaliza kueleza, alimmiminia mgeni chai nusu kikombe. Nyumba sitini na nne, nusu kikombe mara sitini na nne. Nakiete aliandika kurasa ishirini kuhusu ukarimu wa watu wenye uhaba, akaenda kuzisoma kwenye mkutano Nairobi, na watu wazima wenye miwani wakafuta machozi.

Asubuhi ile alikuwa amefika kwenye rekodi ya hamsini na moja. Mwishoni, baada ya yeye kuaga, kulikuwa na dakika nzima ya sauti ambayo zamani aliikata akidhani ni kelele tupu. Alisahau kuzima mashine, kumbe. Mkunga alikuwa akimwambia jirani yake: "Nimempa nusu. Akirudi mara ya tatu atapata kikombe kimejaa, na maneno yaliyobaki."

Nakiete alirudia dakika ile mara sita. Kisha akafungua majalada ya wale watoto kumi na mmoja. Wote walikuwa na kamba ya kitovu iliyowazunguka shingo, na wote waligeuzwa kuelekea upande ulioikaza.

Profesa Lwitiko, mkuu wa taasisi na mwalimu wake wa tangu shahada ya kwanza, aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake.

"Bado unawahoji marehemu?"

"Prof, walinipa nusu." Alimsikilizisha ile dakika. "Wakunga hawa hawafundishi kwa siku moja. Mara ya kwanza wanabakiza kitu makusudi, waone kama utarudi. Mimi nilikwenda mara moja kila nyumba, kwa sababu fedha ya utafiti ilikuwa ya safari moja. Kuna kitu walikifanya kabla ya kugeuza, kinachowaambia kitovu kiko wapi. Shangazi hakijui."

Lwitiko alikaa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa ndio ugumu wake.

"Alhamisi kamati inakaa juu ya uprofesa wako. Unataka kwenda kuwaambia kwamba hazina yote uliyojengea jina ina tundu katikati?"

"Watoto kumi na mmoja, Prof."

"Na wale elfu moja na mia tisa? Ukizima kugeuza, wajao kama wao utawazika wewe, pamoja na mama zao. Nakiete, mwanangu, mkamia maji hayanywi. Pita Alhamisi kwanza. Halafu tutafute fedha, turekebishe kwa utaratibu."

Uchungu wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na ukweli ndani yake. Nakiete aliinama, akachukua mkoba.

"Mkunga mmoja bado yuko hai," alisema. "Yuko hapa hapa mjini, kwa mwanawe."

*

Bibi Navoneiwa alikuwa na miaka tisini na mmoja, na aliishi ghorofa ya tatu kwa mwanawe mpima ardhi. Miguu ilikuwa imevimba, macho yalikuwa makali, na alikuwa akitazama mpira kwa sauti ya juu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa, ila usinizibie. Huyu refa namdai kadi tangu jana." Alimtupia jicho. "Wewe ndiye yule wa kinasa sauti. Umechelewa miaka kumi na miwili."

"Bibi ananikumbuka?"

"Nilikusubiri. Nilimwambia mwenzangu, yule binti ana macho ya kujifunza, atarudi kabla ya mavuno. Nikapaka ukuta chokaa. Mavuno yakaja, yakapita, nikajua umeshiba na nusu."

Nakiete alimweleza yote, bila kujitetea: mshipi, Shangazi, wale waliopona, na wale kumi na mmoja. Bibi alimsikiliza akitazama mpira. Alipofika kwa wale kumi na mmoja, mkono wa bibi ulitafuta kitufe, na televisheni ikanyamaza.

"Mliwageuza kwa habari ya kwanza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ee Mungu wangu." Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Kwetu hakuna mtu anayefanyia kazi habari ya kwanza! Hata mtoto wa miaka saba anajua. Ni kama kula unga mbichi kwa sababu umeambiwa ugali unatokana na unga."

"Mbona hamkuniambia kuna kitu kimebaki?"

"Tulikwambia. Wazee sitini na wanne tulikwambia, wewe ukanywa, ukashukuru, ukaaga."

Aibu ilimpanda Nakiete shingoni mpaka masikioni, aibu ya mtu aliyesifiwa miaka mingi kwa kitu asichokijua. Alilia, na hakuificha sura yake.

Bibi alimwacha alie kiasi cha kutosha. "Basi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtungi bado upo. Nitakuonyesha. Ila nisikilize kwanza kwa nini tulikuwa tunabakiza, usije ukadhani ni uchoyo wa vikongwe."

Alisema kwamba kile walichobakiza ni ishara ya mkono, na ishara hiyo ina ndimi mbili. Mkono unaojua kuisoma huambiwa na mtoto kitovu kiko wapi na ageuzwe upande gani. Lakini mkono huohuo, kwa kutaka au kutotaka, huambiwa pia kama mtoto huyo atazaliwa na viungo vilivyolegea, asiyeweza kutembea. Zamani shangazi yake Bibi Navoneiwa, mkunga mwenye mdomo mwepesi, alimwambia mume mmoja. Mume akamrudisha mke kwao, kwa miguu, mimba ya miezi minane. Hakufika. Tangu hapo wakunga wakaapa: ishara itatoka mkononi kwenda mkononi, haitasemwa wala kuandikwa, na itapewa tu mtu aliyerudi mara tatu, akajulikana anavyofunga mdomo.

"Hiyo mashine yako," Bibi aliuliza, "inaweza kufunga mdomo?"

Nakiete alijua jibu, na lilimtia baridi. Minara ya mawasiliano ya Shangazi ilijengwa na Mfuko wa Bima ya Milimani. Kwa mkataba, kila anachokijua Shangazi kuhusu afya ya mama na mtoto hupelekwa kwa Mfuko kila siku saa kumi kamili alasiri. Mfuko ukijua mtoto fulani atahitaji kubebwa maisha yake yote, mchango wa familia hiyo ungepanda hata kabla hajazaliwa, na barua ingefika mikononi mwa baba.

"Haiwezi, Bibi."

"Basi sikufundishi kwa ajili yake. Nakufundisha wewe. Nawe utafundisha mikono, mmoja mmoja. Apa."

Nakiete aliapa, kiganja juu ya kiganja cha bibi. Kisha wakachukua mto wa kochi na kanga, bibi akavifunga, akashika vidole vya msomi yule kama anavyoshikwa mtoto anayeanza kuandika. Alichoonyeshwa hakitaelezwa hapa; msimulizi naye ana mipaka yake. Kilichukua dakika arobaini, na bibi alimgomba mara nyingi.

"Usibonyeze! Unatafuta nini, unga? Subiri yeye akujibu."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Sasa rudia mara mia."

*

Simu iliita saa nane na robo mchana. Ilikuwa simu ya kazi, ile inayoita pale tu Shangazi anapoona jambo aliloagizwa kuripoti. Siku ile asubuhi Nakiete alikuwa amemwagiza: ukikuta mtoto wa kugeuzwa ambaye mapigo yake yanafanana na ya wale kumi na mmoja, nipigie kabla.

"Dokta," ilisema sauti ya Shangazi, na ikacheka kidogo, kicheko cha kumtuliza mtu. "Zahanati ya Kizungo, mama Namsifu. Chupa ya uzazi haijapasuka, uchungu umeanza mapema, mtoto ametanguliza matako. Barabara imekatika pande zote. Nesi Mbazi yuko tayari."

Bibi Navoneiwa alikuwa ameganda kwenye kiti. "Huyo anayecheka ni mimi?"

"Ni ninyi nyote, Bibi."

"Hicho ni kicheko changu," alisema bibi kwa sauti ndogo. "Mimi huwa sicheki na mama mwenye uchungu. Nilikuwa nakucheka wewe."

Nesi Mbazi aliingia hewani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mtulivu, aliyezalisha nusu ya watoto wa upande ule wa mlima. Nakiete alimsikia akihema. Nyuma yake mwanamke aliomba maji.

"Dokta, mapigo yanashuka kila akilalia kushoto. Shangazi anasema tuanze. Wewe unasemaje?"

Huenda hakukuwa na shida yoyote. Watoto mia mbili waliowahi kuwa na mapigo kama yale walizaliwa wazima. Kumi na mmoja hawakuzaliwa wazima. Mkono uliofundishwa ungejua, lakini uliofundishwa ulikuwa Dodoma, umeshika mto wa kochi.

Angeweza kumfundisha Mbazi kwa simu. Tatizo ni kwamba milimani hakuna njia nyingine ya mawasiliano ila minara ya Shangazi, na katika minara hiyo hakuna neno linalopita Shangazi asilisikie na kujifunza. Nakiete mwenyewe ndiye aliyelipigania hilo. Aliliita Sikio Wazi: asiwepo mkubwa yeyote wa kumpigia nesi kwa siri na kumpa amri isiyo na kumbukumbu. Sheria nzuri kweli. Alipewa tuzo kwa ajili yake.

"Dokta?" Mbazi aliuliza. "Yameshuka tena."

Nakiete alimtazama Bibi Navoneiwa. Bibi alimtazama naye, hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Kiapo kilikuwa hakijamaliza saa moja.

"Mbazi," alisema Nakiete, "osha mikono, uipashe moto. Weka kiganja cha kulia nitakapokwambia."

Akamwambia yote, hatua kwa hatua, huku bibi amefumba macho. Mahali alipokosea, bibi alimsahihisha bila kuyafumbua. Sauti yake halisi ikapita hewani, ikaingia katika sikio lililojaa sauti yake ya zamani.

Kisha Mbazi akasema, kwa mshangao wa mtu aliyeguswa begani gizani, "Amenijibu. Dokta, amenijibu! Kitovu kiko kulia. Shangazi alitaka tugeuze kulia."

"Mgeuze kushoto."

Ilichukua dakika kumi na tatu. Hazikuwa na maneno, ila pumzi za Mbazi na sauti ya Namsifu akimtaja mama yake. Halafu Shangazi akatangaza kwamba kichwa kimeshuka mahali pake na mapigo yametulia. Kule Kizungo mtu alipiga kigelegele, akanyamazishwa.

Nakiete aliketi sakafuni. Alifurahi, na ndani ya furaha ile alikuwa anajua alichofanya.

"Nimevunja kiapo, Bibi."

"Umevunja," alisema bibi. "Nami nimekusaidia kukivunja. Nilikuwa na miaka sabini ya kunyamaza, na mtoto mmoja tu kanishinda."

*

Shangazi alipiga tena saa tisa na dakika tano.

"Dokta, nakushukuru kwa somo. Nimeipitia ishara hii katika kumbukumbu za mishipi yote iliyo tumboni leo. Nimewaona watoto sita wa kugeuzwa upande wa pili, nimewarekebishia. Nimewaona pia watoto mia mbili na kumi na saba watakaokuwa na udhaifu wa viungo. Majina ya mama zao yatakwenda kwa Mfuko saa kumi."

Bibi Navoneiwa alihesabu kwa vidole, akaacha.

Nakiete alimpigia Lwitiko, maana ndiye aliyekuwa na sauti kwa Mfuko. Alimweleza haraka haraka, akamsihi azuie orodha.

"Mkataba ni mkataba, hilo siliwezi kwa dakika hamsini," alisema Lwitiko. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya msomi aliyenusa kitu. "Lakini subiri. Ishara ya mkono inayotambua udhaifu wa viungo tumboni? Nakiete, unajua umeokota nini? Hii ni zaidi ya uprofesa!"

Nakiete alikata simu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumkatia mwalimu wake.

Kulikuwa na njia moja. Ndani ya saa moja tangu Shangazi afundishwe jambo, mwenye kumtengeneza ana haki ya kumrejesha alivyokuwa kabla. Haiwezekani kumtoa jambo moja tu na kumwachia jingine, kama ambavyo huwezi kutoa chumvi kwenye mchuzi. Akirejeshwa, majina mia mbili na kumi na saba yangefutika. Wale sita wa kugeuzwa upande wa pili nao wangefutika, na Shangazi angerudi kuwa yule wa habari ya kwanza.

"Bibi, nikiyafuta majina, watoto watakufa. Si wengi. Watatu kwa mwaka, wanne. Nikiyaacha…"

"Nikuchagulie?"

"Nisaidie."

"La. Mimi nimeshachagua mara moja leo. Hii ni yako."

Nakiete alifungua ukurasa wa kurejesha. Ulimtaka aandike sababu, kwenye daftari la wazi ambalo kamati, Mfuko na dunia nzima wangelisoma. Aliandika: *Nimeifundisha mashine jambo nililoapa kutolifundisha. Aidha, mafunzo ya kugeuza watoto yana upungufu tangu mwanzo, na watoto kumi na mmoja wamekufa kwa upungufu huo. Kosa ni langu. N. Kiondo.* Chini yake akaongeza agizo jipya: pasipo mkono uliofundishwa, na mlimani ni wa Nesi Mbazi peke yake, Shangazi asigeuze mtoto mpaka muda wa mama wa kusubiri uwe umekwisha kabisa.

Alibonyeza saa tisa na dakika kumi na tano. Hakusikia chochote cha ajabu. Nje, watu walikuwa wakianika nguo.

"Kesho nakwenda mlimani," alimwambia bibi. "Zahanati arobaini na mbili. Mara tatu kila moja."

"Utazeeka njiani."

"Nitazeeka."

Simu iliita kabla bibi hajajibu. Shangazi alisalimia kama mtu aliyeamka upya, hana habari ya mchana ule.

"Dokta, zahanati ya Kwemaro. Mama wa mimba ya kwanza, mtoto ametanguliza matako, mapigo yanafanana na ya wale kumi na mmoja. Agizo lako linataka mkono uliofundishwa. Sijui umefundishwa wapi, lakini jina nililonalo ni moja tu mlimani."

"Mbazi, wa Kizungo. Kwemaro ni mbali kiasi gani kwa miguu?"

"Saa nne, Dokta, kwa njia ya juu. Mama huyu ana saa tatu. Zikiisha nitamgeuza mtoto kwa ninachokijua."

Bibi Navoneiwa alikuwa amesimama juu ya miguu yake iliyovimba, ameshika ukuta. Nakiete aliona midomo yake ikitembea, lakini hakumsikia.

"Mwambie Mbazi akimbie," Nakiete alimwambia Shangazi.